Kigoda cha Namba Nne

Alikuja Keko na magoti yaliyokwisha choka,
Wiebe Terpstra, miaka thelathini na sita,
mkataba wa msimu mmoja, begi moja,
na ndoo ya barafu kabla ya chai.
Jukwaani jina liliwashinda, wakalifanya Waibe:
"Waibe kwa wengine, kwetu wasiibe!"
Akacheka kabla hajatafsiriwa.

Mimi nafua jezi za timu.
Mchezaji namsoma kwa uchafu wake.
Winga hurudi na vumbi la kifundoni,
kipa hurudi na viwiko,
mshambuliaji hurudi na lawama.
Yeye, kila Jumamosi, mstari mmoja wa kijani
toka kwapa la kushoto hadi nyonga,
pale alipolala chini mara moja tu,
mara iliyotosha.
Sabuni ya mche iliishia kwenye jezi yake.

Watangazaji walimwita kitasa.
Vitasa sisi Keko tunavijua,
tunavitia kwenye makabati kutwa,
na sijasikia mteja akisifu kitasa.
Hupapasa vanishi, hugonga mbao, huuliza bei.
Kitasa hutajwa siku kimevunjika.

Siku hiyo kwake ilishapita, huko kwao,
mji mdogo wa ng'ombe na mifereji.
Miaka kumi na mitano ya kuzuia,
mkopo huku, benchi kule,
goti la kulia chini ya kisu mara mbili,
kisha dakika ya themanini na tisa
krosi isiyo na mwenyewe,
mguu wake, wavu wake.
Timu ikashuka daraja.
Hakunisimulia yeye. Ilisimulia simu ya Kibwana,
kinyozini, sauti juu,
na Keko nzima ikatazama mara ishirini
mtu mzima akijifunga, akaketi nyasini
kama aliyedondosha funguo kisimani.

Jumatatu mazoezini vijana walikohoa vicheko.
Akauliza kuna nini.
Kibwana, haya zikiwa zimechelewa kumfika, akampa simu.
Akaitazama yote. Akarudisha nyuma. Akatazama tena.
Kisha akavuka barabara kwa fundi Sheweji,
akarudi na vigoda viwili begani,
havijapigwa hata msasa,
nasi tukamfuata na vingine.

Akavipanga mbele ya goli.
Hiki kipa. Hiki mwenzangu, anadai kuotea,
akakitundikia soksi iwe mkono ulioinuka.
Jua lilikuwa hapa: akamsimamisha mtoto mmoja awe jua.
Na hiki mimi.
Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, bei na matunda,
lakini hili alilitamka bila kukwama:
"Nilitazama mpira. Mpira hauna nia.
Nia iko kiunoni."
Akaupiga polepole,
ukagonga kigoda, ukaingia.
Hakucheka mtu ila yeye.
Kibwana akaomba urudiwe.
Ukarudiwa mpaka giza, kila mmoja akijifunga kwa zamu,
na yule mtoto hakukubali kuacha kuwa jua.

Sisemi tulichukua kombe. Tulimaliza wa tisa.
Mechi ya mwisho, Uwanja wa Uhuru,
winga wa miaka kumi na minane alimpiga tobo,
jukwaa zima likasimama,
naye akampigia makofi huku anamkimbiza,
magoti yakilia kama mlango wa ghala.
Nyuma yake alikuwepo Kibwana.
Kibwana alikuwa anatazama kiuno.
Gazeti la kesho yake lilimtaja winga.

Aliondoka Juni, na begi lile lile.
Jezi aliniachia; mstari wa kijani haukutoka,
nami nimeacha kuusugua.
Sheweji alikuja kudai vigoda vyake.
Nikamhesabia, kikapungua kimoja.
Anajua kilipo, hasemi.
Ndicho ninachokalia nikifua.